Tarehe imeshapangwa, gemu bado haipo: kwa nini gemu za muvi na za "namba mbili" zinatoka mbichi

Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu, PS2 mbili, TV mbili za chogo, feni moja inayozunguka kwa shida, na kava za CD zimetundikwa kwenye kamba ukutani kama nguo zimeanikwa. Mwenye kibanda alikuwa anachagua CD mpya kwa kuangalia kava tu, na zilizokuwa zinamvuta zaidi ni zile za muvi ambazo mtaa mzima umeshaziona. Siku CD ya namna hiyo ikiingia watoto tunajaa, tunalipia, tunagombania pedi, halafu baada ya dakika kumi au kumi na tano lazima mtu aseme "bro toa hii, turudishie mpira." Kila mara ilikuwa hivyo. Bro anaitoa ile CD, anaigeuzageuza mkononi, anauliza "muvi nzuri vile, gemu yake wameifanyaje hawa?" na hakuna aliyekuwa na jibu, tunarudi kwenye mpira.

Lile swali limenikaa miaka mingi, na kadiri nilivyosoma jinsi hizi gemu zinavyotengenezwa ndo nikaona watu wengi tunalijibu vibaya. Tunasema watengenezaji wavivu, au hawajui kazi. Hapana. Mara nyingi ni watu wazuri kabisa waliopewa kazi ambayo siku yake ya kuisha ilishapangwa kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa programu, na aliyeipanga hiyo siku hagusi kazi yenyewe. Hilo ndo nataka kulifungua hapa, taratibu, maana lina mafundo mengi.

Kwanza tujue nani ni nani. Gemu ya muvi au ya mchezaji maarufu ina watu wa aina tatu. Kuna mwenye jina, yaani anayemiliki Batman au Star Wars au jina la ligi. Kuna msambazaji, kampuni kubwa yenye hela, inayolipia kazi, kutangaza na kuingiza sokoni, hao ndo kina Activision, EA, Ubisoft, Sega. Halafu kuna studio, watu wanaokaa kwenye kompyuta na kuitengeneza. Mchezaji anayaona majina yote matatu kwenye kava na kuyachukulia kama kitu kimoja, lakini kila mmoja ana saa yake na hela yake, na saa zao hazifanani hata kidogo.

Kisa ambacho ndo baba wa visa vyote ni cha 1982. Atari walikuwa wafalme wa gemu za nyumbani Marekani, na wenyewe walikuwa mali ya Warner Communications. Muvi ya E.T. ya Steven Spielberg, ile ya kiumbe kutoka sayari nyingine, ikatoka mwezi wa sita na kuvunja rekodi, na bosi wa Warner, Steve Ross, alikuwa anamtaka sana Spielberg upande wake, kwa hiyo akakubali kulipia haki za gemu hela ambayo inatajwa kuwa kati ya dola milioni 20 na 25. Mazungumzo yanaisha mwishoni mwa mwezi wa saba. Sasa piga hesabu kurudi nyuma: msimu wa kuuza ni Krismasi, kaseti lazima ziwe dukani mapema, kiwanda nacho kinahitaji muda wa kuzizalisha na kuzisafirisha, hesabu inagota tarehe 1 Septemba. Zimebaki wiki tano. Gemu za wakati ule zilikuwa zinachukua miezi, sio wiki.

Kazi akapewa mtu mmoja, Howard Scott Warshaw. Na hakuokotwa njiani, alishatengeneza Yars' Revenge ambayo mpaka leo watu wanaiheshimu, na ile ya Raiders of the Lost Ark iliyomfanya Spielberg amkubali. Akafungiwa mashine ya kazi mpaka nyumbani kwake ili akiamka tu aendelee. Alipopeleka wazo lake, Spielberg akamuuliza kama asingeweza kufanya kitu kinachofanana na Pac-Man. Warshaw akashikilia la kwake, akakaza, na akamaliza kwa wakati. Gemu nzima ni kilobaiti 8, picha moja tu uliyopiga na simu yako leo inaizidi mara mamia.

Ukiicheza, unamuongoza E.T. kutafuta vipande vya simu vilivyofichwa ndani ya mashimo. Unamtoa shimoni, unamsogeza pembeni, halafu kichwa chake kinagusa ukingo wa mchoro wa shimo, kichwa tu, miguu iko mbali kabisa, anatumbukia tena. Unamtoa, anatumbukia. Macho yako yanaona amesimama nje ya shimo, mashine inahesabu ameshaingia. Hilo ni kosa ambalo lingeonekana siku ya kwanza ukimpa mtu mwingine pedi na kukaa pembeni kumtazama, na kwenye wiki tano hiyo siku ya kumpa mtu mwingine pedi haipo.

Atari wakazalisha kaseti kama milioni 4. Zikauzwa kama milioni 1.5. Sasa hapa ndo penye fundo ambalo watu wanalipita: kuuza milioni moja na nusu wakati ule yalikuwa mauzo makubwa! Hasara haikuja kwa sababu hakuna aliyenunua, ilikuja kwa sababu leseni ilikuwa ghali mno, na ukishalipa hela ile lazima uzalishe mlima wa kaseti ili irudi. Septemba 1983 malori yakabeba shehena za bidhaa za Atari mpaka dampo la Alamogordo, New Mexico, zikafukiwa. Warshaw akabebeshwa lawama za kuua biashara nzima ya gemu Marekani, na mimi naona alionewa sana, maana soko lilikuwa limejaa gemu mbovu za kila mtu na yeye alifanya alichoambiwa afanye, kwa muda alioambiwa.

Leseni yenyewe ni kupanga, sio kununua, na ukilishika hili mengine yote yanaeleweka. Unamlipa mwenye jina hela ya mbele, juu yake unampa mrabaha, yaani asilimia ya kila nakala inayouzwa, na mkataba una tarehe ya mwisho. Ni kama umelipia chumba cha biashara miaka mitatu kwa mkupuo. Kila mwezi ambao duka halijafunguliwa pango linaendelea kuliwa. Na mpangaji hawezi kuvunja ukuta bila kumuuliza mwenye nyumba, kwa hiyo kila kitu kinaenda kwa mwenye jina kupata idhini, sura ya mhusika, nguo zake, anachosema, nani anaruhusiwa kumpiga na nani haruhusiwi. Studio inasubiri majibu na siku zinakwenda.

Mfano wa hizo idhini unaojulikana sana ni gemu ya Superman kwenye Nintendo 64, 1999, ya kampuni ya Ufaransa inaitwa Titus. Waliotengeneza walikuja kueleza kwamba wenye leseni hawakutaka Superman aonekane anapiga watu wa kweli, ndo maana hadithi ikahamishiwa kwenye mji wa kompyuta uliotengenezwa na adui yake Lex Luthor, na mchezaji akaishia kurushwa kupita kwenye mapete angani, pete baada ya pete. Watu wanaicheka mpaka kesho. Lakini fikiria wewe ndo unaitengeneza, una mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani na umeambiwa asimguse mtu. Utampa kazi gani?

Halafu kuna suala la muvi yenyewe. Muvi ikipangiwa siku ya kutoka, gemu lazima itoke wiki hiyohiyo, maana matangazo ya muvi ndo matangazo ya gemu, mabango yaleyale, midoli ileile, mzazi anatoka sinema anapita dukani. Lakini studio huwa inaanza kazi baada ya muvi kuwa imeshaanza, inapewa muswada ambao bado unabadilishwa, picha chache za seti, na hairuhusiwi kuchelewa hata siku moja. Muvi ikichelewa unakaa unasubiri, gemu ikichelewa muvi haikusubiri. Enzi za PS2 hii ilikuwa bado inalipa kwa sababu kutengeneza gemu hakukuwa ghali sana, hata ikiwa ya wastani hela inarudi. Ulipofika wakati wa PS3 na Xbox 360 gharama zikapanda na hesabu ikavunjika. THQ, waliokuwa wanaishi kwa leseni za Nickelodeon, za Pixar na za mieleka ya WWE, mwisho wa 2012 wakaomba ulinzi wa kufilisika, na mwanzoni mwa 2013 wakauzwa vipande vipande. Hazikuwaua leseni peke yake, kuna kibao chao cha kuchorea cha uDraw kilichododa, ila ile njia ya kula kwenye muvi za watoto ilikuwa imeshaziba.

Sasa angalia zile zilizotoka nzuri, utaona kitu. GoldenEye 007 ya Rare, ambayo kila aliyekuwa na Nintendo 64 anaikumbuka kwa wanne kukaa mbele ya TV moja kupigana risasi, ni gemu ya muvi. Muvi ilitoka Novemba 1995. Gemu ikatoka Agosti 1997, karibu miaka miwili imechelewa! Timu ilikuwa ndogo, wengi wao hawakuwahi kutengeneza gemu kabla, na ule upande wa kucheza wanne uliingizwa mwishoni kabisa. Kama wangeshikiliwa na tarehe ya muvi usingekuwepo. Ikauza nakala zaidi ya milioni 8.

Batman naye anafundisha. EA walikuwa na haki za kutengeneza gemu ya muvi ya The Dark Knight ya 2008, kazi ikafanywa na tawi la Pandemic kule Brisbane, Australia, ikashindwa kukamata tarehe ya muvi, mkataba ukaisha mwisho wa mwaka ule, gemu ikafa bila kutoka. Mwaka uliofuata, 2009, Rocksteady wa London wakatoa Batman: Arkham Asylum, ambayo haikufungwa na muvi yoyote, hadithi yao wenyewe, kisiwa kimoja, usiku mmoja. Batman yuleyule. Na Spider-Man ya Insomniac ya 2018 ni hivyohivyo, haikufuata muvi, sura ya Peter Parker ni yao, hadithi ni yao. Marvel walikuwa wameamua kutafuta mtu anayelipenda jina lao na kumuacha afanye kazi yake, badala ya kulikodisha kila muvi inapotoka. Mimi naamini kabisa tofauti hapo sio kipaji. Wale wa Brisbane hawakuwa wajinga.

Ila leseni ikikaribia kuisha ndo unaona mambo ya kusikitisha zaidi, na sijui mfano unaouma kama Tony Hawk's Pro Skater 5, gemu yenye jina la bingwa wa ubao wa skeiti Tony Hawk. Ile ya kwanza ya 1999 ya Neversoft ni gemu iliyofanya watoto ambao hawajawahi kuona ubao wa skeiti kwa macho wajue majina ya mitindo yake, sisi kule kibandani tulikuwa tunaigiza kwa kipande cha mbao juu ya mchanga. Activision wakaitoa kila mwaka mpaka watu wakachoka, wakaipumzisha. Halafu 2015 wakatangaza namba tano, kutoka studio ya Robomodo, na kila aliyefuatilia alijua mkataba wao na Tony Hawk unaisha mwisho wa mwaka huohuo. Miezi kama miwili kabla ya kutoka watu wakalalamika picha zinaonekana za zamani, wakabadilisha mtindo mzima wa picha. Miezi miwili!

Ikatoka mwisho wa Septemba. Kwenye diski kulikuwa na gigabaiti 4.6, na siku ya kwanza ukiiweka inakuomba ushushe apdeti ya gigabaiti 7.7. Yaani kiraka kikubwa kuliko nguo. Bila hiyo apdeti ulikuwa na mafunzo ya mwanzo na sehemu ya kujijengea uwanja wako, basi, gemu yenyewe hujaipata. Niieleze hii kidogo kwa sababu inagusa watu wa huku kuliko wa kule. Diski lazima ipelekwe kiwandani wiki kadhaa kabla ya siku ya kuuza, na zamani siku ile ndo ilikuwa mwisho, kilichomo ndo kilichomo. Intaneti ilipokuja wasambazaji wakapata nafasi ya kupeleka kiwandani kitu ambacho hakijaisha na kuendelea kukimalizia huku diski ziko kwenye meli. Kwa mtu mwenye waya wa intaneti isiyo na kikomo nyumbani huo ni usumbufu wa saa moja. Kwa mtu wa Morogoro au Kisumu anayenunua bando la simu, gigabaiti 7.7 ni hela, ni hela nyingi, na alishalipia gemu tayari dukani. Alinunua boksi lenye nusu ya mkate na nusu nyingine akaambiwa aifuate mwenyewe.

Basi tuje kwenye hizi za "namba mbili", yaani toleo linalofuata la gemu iliyouza vizuri, ambazo hata bila muvi zina saa yake. Kampuni kubwa zipo kwenye soko la hisa. Zinatangaza mapema kwamba mwaka huu wa fedha tutaingiza kiasi hiki, na kwa wengi kama EA na Ubisoft mwaka wa fedha unaisha 31 Machi. Gemu ikiteleza kutoka Februari kwenda Mei, kwa mchezaji ni miezi mitatu tu, lakini kwa wenye hisa hela imehama mwaka mzima, bei ya hisa inashuka siku hiyohiyo. Na ukishakuwa na gemu iliyouza milioni kumi, swali la kikao linalofuata haliwi "tuna wazo gani," linakuwa "ya pili lini." Guitar Hero, gemu ya kupiga gitaa la plastiki kufuata nyimbo, ilianza 2005, kufika 2009 Activision wakatoa nyingi mno ndani ya mwaka mmoja, ya Metallica, ya Van Halen, namba tano, Band Hero, DJ Hero, na Februari 2011 wakafunga kitengo kizima. Ubisoft nao na Assassin's Creed, kila mwaka bila kupumua, mpaka Unity ya Novemba 2014 ikatoka na nyuso za watu zimepotea, yamebaki macho na meno yanaelea hewani. Wakaomba radhi, wakagawa nyongeza bure, na 2016 wakaacha mwaka upite bila kutoa toleo kuu. Iliyofuata, Origins ya 2017, ilikuwa ni ya watu waliopewa muda, unaiona kabisa.

Kisa ninachokipenda zaidi kimebeba vyote viwili, ni leseni na ni namba mbili ya haraka. BioWare walitengeneza Knights of the Old Republic, gemu ya Star Wars ya 2003, ikapendwa sana. LucasArts, kampuni ya gemu ya wenye Star Wars, wakataka ya pili, BioWare wakawa na mipango mingine, kazi wakapewa Obsidian, studio ambayo ndo kwanza imezaliwa mwaka huohuo. Wakapewa muda usiofika mwaka mmoja na nusu, maana ilitakiwa kuwahi Krismasi ya 2004. Na ile ya pili ina hadithi nzito kuliko ya kwanza, kuna bibi mmoja anaitwa Kreia anayekuuliza maswali kila ukimsaidia mtu, sio maswali ya kitoto, anakuuliza huyu maskini uliyempa hela umemsaidia au umemtafutia wezi. Gemu gani ya Star Wars ilikuwa inauliza hivyo? Lakini ukifika mwisho unaona mtu amekata kamba. Wenzako uliotembea nao saa thelathini wanapotea, huelezwi wameenda wapi, sayari nzima ya maroboti imekatwa, kiwanda cha maroboti wauaji unachotajiwa tangu mwanzo hukifikii. Unashinda pambano la mwisho, gemu inaisha.

Na watu walipofungua faili za gemu kwenye kompyuta wakakuta sauti za waigizaji zimo ndani. Mazungumzo yalisharekodiwa, yakalipiwa, yakaachwa kwenye diski bila kuunganishwa na kitu. Kama mtu amehama nyumba akaacha chakula mezani. Mashabiki wakakaa miaka na miaka wakiyaunganisha, kipande kwa kipande.

Sasa usije ukachukua hapo ukasema haraka ndo ubaya wote, kwa sababu haohao Obsidian walipewa tena jina la mtu mwingine, Fallout, la Bethesda, na muda unaokaribiana na ule, miezi kama 18, wakatoa New Vegas 2010, na wengi tunaiona ndo bora kuliko zote za Fallout. Ilitoka na hitilafu kibao, ni kweli, ila hadithi ilikamilika. Nintendo nao walitengeneza Majora's Mask ya 2000 haraka haraka wakitumia vifaa na sura za watu za Ocarina of Time ya 1998, na ni kazi ya ajabu mno. Kilichowaokoa ni kwamba walikuta jiko lina sufuria zote, hawakuanza kufinyanga chungu, na waliokuwa wanapika ndo waliamua ukubwa wa sahani. Lakini hata hapo hesabu za msambazaji zilikuwepo: studio ya New Vegas ingepata bonasi kama wastani wa alama za wakaguzi kwenye Metacritic ungefika 85. Ikapata 84. Alama moja, na wakaguzi wengi walikata alama kwa zile hitilafu, ambazo ni mtoto wa ule muda mfupi. Hii inaniumiza kila nikiifikiria.

Na muda mrefu nao haukuhakikishii. Aliens: Colonial Marines ya Sega ilikaa mikononi mwa Gearbox tangu 2006 mpaka 2013, sehemu yake wakaikabidhi studio nyingine, ikatoka na mazimwi yanayokimbia ovyo kama kuku. Miaka kama mitano baadaye mchezaji mmoja akafungua faili ya maandishi ya gemu akakuta neno "tether" limeandikwa "teather". Herufi moja imezidi. Akaifuta, na mazimwi yakaanza kuzunguka, kuvizia, kufanya akili. Kosa hilo halikutoka kwenye kukosa miaka, limetoka kwenye kazi iliyopita mikono mingi hadi hakuna wa kuisoma mara ya mwisho.

Mpira siwezi kuuacha, maana kibandani ndo uliokuwa unalisha familia ya yule bro. Wengi tulikulia kwenye ya Konami, na Konami hawakuwa na leseni nyingi, kwa hiyo ulikuwa unachagua "Man Red" au "Merseyside Red" na unajua mwenyewe hao ni kina nani kwa rangi ya jezi, na huko nyuma zaidi kulikuwa na Roberto Larcos, yaani Roberto Carlos, anapiga frikiki ileile ya mguu wa kushoto. Hatukujali, mpira ulikuwa mtamu. EA walikuwa na majina ya kweli, na leseni kwenye mpira sio moja, ni mamia, ya wachezaji, ya ligi, ya klabu, ya viwanja, ndo maana 2020 Juventus ilikuwa Piemonte Calcio kwenye FIFA, gemu ya EA, huku Ronaldo yumo ndani, kwa sababu klabu ilikuwa imesaini na Konami. EA na FIFA walipoachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho na iliyofuata ikaitwa EA Sports FC, watu wakaogopa gemu imekufa. EA wakasema bado wana washirika wa leseni zaidi ya 300. Jina la kwenye kava lilikuwa ni leseni moja tu.

Ila tazama kitu walichowauzia wenye Nintendo Switch kuanzia FIFA 20: toleo linaloitwa Legacy, jezi mpya, vikosi vipya, na zaidi ya hapo uchezaji ni uleule wa mwaka uliopita, na walisema wenyewe wazi. Mwaka uliofuata tena. Hapo sina ugomvi na studio, wameagizwa hivyo. Ugomvi wangu ni wa bei, kwa sababu orodha ya majina mapya sio gemu mpya, na mtoto anayedunduliza hela ya kula shule anunue toleo la mwaka huu anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela.

Na mkataba ukiisha kabisa gemu huwa inaondolewa dukani, kwenye maduka ya mtandaoni inafutika kama haikuwahi kuwepo. Deadpool ya 2013 ya Activision iliondolewa miezi michache tu baada ya kutoka, ikarudishwa 2015, ikaondolewa tena 2017. Sio kwamba imeharibika. Pango limeisha.

Ile Knights of the Old Republic ya pili, mashabiki waliimalizia. Kazi yao inashushwa bure kwenye kompyuta, sauti nyingi kati ya zile zimerudi mahali pake, kiwanda cha maroboti unaingia, wenzako unajua walikoishia. 2022 kampuni ya Aspyr ikaitoa gemu kwenye Switch na ikaahidi kwamba hiyo sehemu iliyorudishwa itakuja kama nyongeza, watu wengi wakanunua kwa ajili ya ahadi hiyo. Juni 2023 wakatangaza haitakuja. Kwa hiyo mpaka sasa mwenye Switch anashinda lile pambano la mwisho, na gemu inakatika palepale ilipokatikia Krismasi ya 2004.